Afisa Uhusiano Asiwe Mpambaji wa Wakubwa

(Haya ni maelezo yaliyotolewa na mwandishi mbele ya maafisa habari na uhusiano wanaoanza kazi.)



Nimeombwa nizungumzie namna kijana anavyoweza kujijengea maisha ya kazi yenye mapana na yenye kuridhisha katika fani ya uhusiano. Niseme mapema kwamba katika ofisi nyingi fani hii imedunishwa. Afisa uhusiano huhesabiwa kuwa mtu wa kupanga viti, kupokea wageni, kumpiga picha mkuu akikata utepe, na kutunga salamu za pongezi. Afisa wa mamlaka ya maji aridhikaye na hayo aweza kukaa miaka kumi asijue pampu ya mji wake inaendeshwaje. Huo ni umangimeza, na hatuwezi kuwalaumu wakubwa peke yao; wengine wetu tumeupenda.

Tazameni njia aliyoipita marehemu Benjamin Mkapa. Alihitimu Makerere mwaka 1962, akaingia katika utumishi wa Serikali. Mwaka 1966 alikabidhiwa uhariri wa magazeti ya The Nationalist na Uhuru, na mwaka 1972 ule wa Daily News. Mwaka 1974 akawa Katibu wa Habari wa Rais Nyerere. Miaka miwili baadaye akapewa kazi ya kuliasisi Shirika la Habari, SHIHATA. Kisha zikaja Wizara ya Mambo ya Nje, ubalozi wa Canada na wa Marekani, na hatimaye Urais, tangu 1995 hadi 2005. Sisemi kila afisa uhusiano atafika huko. Ikulu ni moja. Nataka mwone kwamba kila kituo kilihitaji kalamu sahihi na sikio la kumsikiliza mtu asiyekubaliana nawe. Hayo mawili hujifunzwa ukiwa kijana, na chumba cha habari ni mahali pazuri pa kuyajifunzia.

Mapana mengine yako nje ya ofisi. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa kwanza. Kisha watu wazima wapatao milioni mbili wakakutana katika vikundi vyao, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, halafu wakashika majembe na kuchimba vyoo. Wengi wetu tuliomo humu hatukuwa tumezaliwa, lakini nadhani kampeni hiyo yatufaa kuichunguza kuliko matangazo ya sabuni za ng'ambo. Redio peke yake isingechimba choo hata kimoja. Walihitajika watu wanaoijua afya, wanaoijua lugha ya kijijini, na wanaojua ni majira gani mkulima ana nafasi ya kuketi. Kwa hiyo mkipewa nafasi ya kwenda wilayani, msiione kuwa ni adhabu.

Sasa nije kwenye jambo gumu. Mwaka 1906, nchini Marekani, Ivy Lee, aliyekuwa mwandishi wa magazeti kabla ya kuingia katika fani hii, alitoa tamko kwamba kazi yake ingefanywa waziwazi na kwa taarifa sahihi. Tamko hilo bado husomwa vyuoni. Mwaka 1914, baada ya wachimba makaa waliogoma na familia zao kuuawa huko Ludlow, Colorado, bwana huyo huyo aliajiriwa na akina Rockefeller. Akasambaza makaratasi yenye takwimu za uongo kuhusu malipo ya viongozi wa chama cha wafanyakazi. Mwandishi Upton Sinclair akambandika jina la mmea wa kwao unaowasha mwili, mfano wa upupu wetu, na jina hilo halijambanduka hadi leo.

Mtihani huo utawafikia. Tuseme pampu imeungua, kipuri hakijaagizwa, na mkuu wako anakuamuru utangaze kwamba maji yatarudi kesho. Ingia ofisini kwake, funga mlango, umweleze kwa heshima kwamba kesho kutwa hakuna atakayeliamini tangazo lenu lolote. Uwe na taarifa nyingine mkononi: pampu iliungua siku fulani, kipuri bado, malori ya maji yatapita mitaa hii saa hizi. Aghalabu atachukua hiyo, kwa kuwa hofu yake kubwa ni kukosa la kusema. Akikataa, omba tangazo lile litoke kwa jina lake, si lako. Sifichi kwamba uhamisho waweza kukukuta, nawe una kodi ya nyumba na ada za watoto. Lakini ukiliandika lile la uongo, mwandishi wa gazeti atakayekupigia simu mwezi ujao atakuwa anakuuliza kwa kutimiza wajibu tu, kisha atakwenda kumwuliza fundi.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imeipa ofisi inayoombwa taarifa muda usiozidi siku 30 kujibu. Anzeni hapo. Mkirudi kazini Jumatatu, ombeni daftari la malalamiko, mhesabu ni swali gani wananchi wameliuliza mara nyingi zaidi katika miezi mitatu iliyopita, kisha ombeni dakika tano katika kikao cha wakuu wa idara mlisome mbele yao.