Mtoto Aliyechelewa Kusema Asingojewe

(Mada iliyotolewa mbele ya wazazi na vijana, Nakuru, kabla ya futari)



Wazee wetu, mama zetu, walimu wetu wa madrasa, ndugu na dada zangu. Nimepewa nusu saa kabla ya adhana ya Magharibi, na najua saa hizi mtu akimtazama msemaji anaona sambusa. Kwa hiyo sitazunguka.

Nataka tuzungumze juu ya mtoto ambaye umri wa kusema umefika na hasemi. Kila mtaa yuko. Bondeni yuko, Shabab yuko, Kaptembwo yuko, ukienda Njoro na Gilgil utamkuta. Ana miaka mitatu, anakimbia, anakula vizuri, akitaka maji anamvuta mamake nguo mpaka kwenye mtungi, lakini neno halitoki. Nyanya anasema, "Mwacheni, hata babake alichelewa." Jirani anasema wavulana ndivyo walivyo. Mwingine anasema amefungwa ulimi. Miaka inaenda. Anafikisha miaka sita, anapelekwa shule, mwalimu anamwambia mama, "Huyu hatumuwezi." Hapo ndipo tunaanza kukimbia huku na huku, na miaka mitatu tumeshaipoteza.

Nyanya simbishii. Ni kweli wako watoto wanaochelewa halafu wakafunguka wenyewe. Lakini ukimkuta mtoto wa miaka miwili aliyenyamaza, kwa macho tu huwezi kujua kama ni huyo atakayefunguka au ni yule mwenye shida. Ukimpeleka kupimwa na akawa hana neno, umepoteza asubuhi moja na nauli ya matatu. Ukingoja na akawa na shida, umepoteza ile miaka ambayo ubongo wake ulikuwa unajifunza lugha kwa wepesi zaidi.

Sasa mtauliza, tujue vipi? Mtoto akifika mwaka mmoja awe anapiga zile "bababa" na "mamama", ageuke akiitwa jina, aonyeshe kitu kwa kidole. Mwaka na nusu, awe na maneno machache yenye maana, hata kama wanaomwelewa ni watu wa nyumbani tu. Miaka miwili, awe anaunganisha maneno mawili. Hatudai ufasaha. Mtaalamu wa lugha Kamil Ud Deen alichapisha kitabu mwaka 2005 kuhusu watoto wa Nairobi wanavyojifunza Kiswahili, na moja ya aliyoyaona ni kuwa mtoto mdogo huangusha vile vipande vya mbele vya kitenzi. Badala ya "nataka" atakwambia "taka". Huyo hana ugonjwa, yuko njiani. Wa kushtukia ni aliyenyamaza. Na wa kushtukia zaidi ni yule aliyekuwa na maneno yake, kisha yakapotea. Huyo usingoje hata tarehe ya kliniki.

Halafu kuna kile kitabu cha mama na mtoto tunachopewa kliniki. Sote tunafungua ukurasa wa chanjo na ukurasa wa uzani, tunafunga. Kina sehemu ya hatua za ukuaji pia. Wengi wakishachoma chanjo ya surua ya miezi 9 hawaonekani tena, na iko nyingine ya miezi 18. Siku hiyo ya pili ndiyo siku nzuri ya kumuuliza muuguzi, "Na kusema je?" Asipokuuliza yeye, muulize wewe.

Wala usiseme, mimi sikusoma, nitaambia daktari nini? Kule Kilifi, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walitengeneza orodha za maneno ya watoto kwa Kiswahili na Kigiriama. Wazazi, wakiwemo wasiojua kusoma, waliulizwa kwa mdomo: hili analisema? Hili analielewa? Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2015, na wazazi wale walitoa habari za kutegemewa. Mama anayejua mtoto wake ana maneno matano, na ni yapi, amempa daktari kitu kikubwa.

Tuje kwenye masikio. Sisi mtoto akizaliwa jambo la kwanza tunamwadhinia sikioni. Sauti ya kwanza tunayompa ni ile. Lakini nani kati yetu amewahi kuuliza kama sikio lile linasikia? Mtoto asiyesikia vizuri hawezi kusema vizuri, maana atasema nini ambacho hakukisikia? Usitosheke kwamba mlango ukigongwa anageuka. Anaweza kuwa amehisi mtikisiko tu, au anasikia sauti nzito na hasikii herufi nyembamba kama "s" na "f". Akizaliwa na manjano kali, akiugua homa ya uti wa mgongo, masikio yakitoa usaha kila baridi ya Julai ikiingia, masikio yapimwe. Usaha si kitu cha kupanguza kwa kitambaa na kusahau. Malaria kali nayo imo. Kilifi huko huko, mtaalamu wa tiba ya usemi Julie Carter na wenzake waliwapima watoto wa miaka 6 hadi 9 ambao zamani waliwahi kulazwa kwa malaria kali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: shida za lugha zilikuwa nyingi kwao kuliko kwa wenzao. Nakuru yetu ina baridi na malaria ni kidogo, lakini tunasafiri, tunaenda Kisumu, tunaenda Mombasa kwa harusi.

Lisilo sababu ni kimeo. Bado wako wanaowapeleka watoto kukatwa kimeo ili waseme. Kile kinyama cha kooni hakijamzuia mtoto yeyote kuanza kusema, na wembe ule unaleta damu nyingi, pepopunda na maambukizi mengine. Ulimi ulioshikana chini upo kweli, lakini huo huangaliwa na daktari, na mara nyingi si huo unaomnyamazisha mtoto. (Kuna aliyeniuliza kama ni haya maji yetu ya Bonde la Ufa. Floraidi imetupaka meno kahawia, hata Nairobi wanatutambua tukicheka, lakini rangi ya meno haimzuii mtoto kusema.)

Wala sababu si wingi wa lugha. Hapa mtoto anasikia Kiswahili uani, Kikuyu au Kikalenjin sokoni, Kinubi au Kisomali kwa nyanya, Kiingereza shuleni na Kiarabu madrasani. Mzazi akienda kulalamika anaambiwa aache lugha ya nyumbani, aongee Kiingereza peke yake. Ushauri huo mimi naupinga. Lugha nyingi hazileti ugonjwa wa usemi. Mhesabie maneno yake ya lugha zote kwa pamoja, na uongee naye lugha unayoijua mwenyewe, ile unayoweza kumtania na kumsimulia.

Je, hii tiba ya usemi ni kitu gani? Sisi wa madrasa tusiione ngeni. Ustadh anapotufundisha makharij anafanya nini? Anakwambia ulimi uguse wapi, hewa itoke wapi, haa ya kooni si haa ya kifuani. Sehemu moja ya kazi ya mtaalamu wa usemi inafanana sana na hiyo. Lakini kwa mtoto mdogo herufi huja mwisho. Kwanza kuna kusikiliza, kutazamana, kuelewa, kungoja zamu. Ndiyo maana unampeleka mara ya kwanza, mtaalamu anakaa chini anasukuma kigari, anasukuma tena, ananyamaza, anamngoja mtoto. Wako wazazi wanaorudi wamekasirika: tumelipa pesa, amecheza tu! Kile kigari ndicho kazi yenyewe. Mtoto akitoa sauti au ishara kuomba kisukumwe tena, mazungumzo yameanza.

Wataalamu hawa ni wachache mno. Mwaka 2008 ndipo Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilipoanzisha shahada ya fani hii, na kwetu Kenya wengi wako Nairobi. Pengine utamwona mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo atakayefanya tiba ni wewe nyumbani, na unachohitaji ni mdomo na subira. Unapokanda unga wa kaimati, mweke karibu. Taja anachokitazama yeye, usitaje unachotaka wewe akitazame. Akisema "maji", usimwambie "sema vizuri", mrudishie kwa kuongeza: "Maji baridi. Unataka maji baridi." Mpe kuchagua, tende au ndizi, kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Hapo kwenye kunyamaza ndipo wengi tunaposhindwa, tunamjibia. Na ile hadithi ya nyanya ya "Paukwa", "Pakawa", irudisheni usiku, kwa sababu inamfundisha zamu yake ni ipi. Simu ya katuni haimngoji mtoto ajibu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 asizidishe saa moja kwa siku.

Akitumia ishara au picha, mwachie. Hazimzuii kusema, zinampa njia wakati maneno yanajitafuta. Na kama mtoto ni kiziwi, Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha kamili. Katiba ya 2010, kifungu cha 120, imeiweka pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Hapa Nakuru tuna shule ya viziwi ya Ngala. Wazazi nao wajifunze ishara, mtoto asiwe mgeni nyumbani kwao.

Najua wengine mtasema, sisi tumesoma dua, tumemsomea maji. Msome. Lakini tumkumbuke Nabii Musa (a.s.). Alimwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi, na katika maombi yale yale akaomba apewe nduguye Harun, aliyekuwa fasaha zaidi, awe msaidizi. Hakuona kuomba msaidizi ni upungufu wa imani. Kwa nini sisi tunaona haya kumpeleka mtoto hospitali, kisha siku ya Idi tunamficha chumbani wageni wakija?

Mlango wa kwanza ni kliniki ya karibu, uandikiwe barua ya kwenda hospitali ya rufaa, ile ambayo bado tunaiita PGH, kwenye kliniki ya masikio, pua na koo. Mlango wa pili hauna watu wengi kwa sababu haujulikani: vile vituo vya wizara ya elimu vya kupima watoto, EARC, vilivyoanza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Uliza ofisi ya elimu ya eneo lako kilipo. Si lazima mtoto awe ameanza shule.

Walimu wangu wa madrasa, kwa heshima zote. Mtoto asiyetamka herufi sawa asichapwe, wala darasa lisimcheke. Muwekeni mbele, auone mdomo wa ustadh. Mwenye kigugumizi asisimamishwe peke yake kwanza. Asome na wenzake kwa pamoja, maana wengi wao kigugumizi hupungua wakisoma na kundi. Akishazoea, asome na mwenzake mmoja.

Naona muadhini anatazama saa. Maswali tutayachukua baada ya swala, na mama mwenye kitabu cha kliniki kwenye mkoba aje nacho tukifungue pamoja.