Siku 28 za Benki

Msikilizaji, mwanao amepata nafasi chuo kikuu Uingereza? Hongera. Sasa, kwa ajili ya visa ya mwanafunzi, shughulikieni benki mapema. Fedha za ada na za kujikimu lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Salio likishuka chini ya kiwango hata siku moja, hesabu inaanza upya. Akaunti iwe ya mwanafunzi, mzazi au mlezi wa kisheria. Ya mjomba asiye mlezi kisheria haikubaliki. Michango ya ndugu inayoingia dakika za mwisho huwaponza vijana, na inauma sana. Anayetoka Tanzania au Kenya kwa masomo ya zaidi ya miezi 6 apimwe kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa. Siku ya safari, vyeti halisi avibebe kwenye mkoba wa mkononi. Koti zito atanunua hukohuko.