Majani ya Tulsi na Vidonge vya Shangazi



Ramadhan moja, shangazi yangu mwenye kisukari aliletewa majani ya tulsi na jirani. Akaambiwa, "Kunywa haya, vidonge achana navyo." Akaviacha kweli! Kumi la mwisho lilimkuta kitandani hospitalini, sukari imepanda mno. Alhamdulillah alipona. Mimi nasoma kemia chuoni, nikajiuliza: majani haya yana nini hasa?

Tulsi ni jamaa ya mrehani na kivumbasi tunavyovijua hapa Pwani. Huko Bara Hindi Wahindu huuenzi na kuupanda majumbani, na matabibu wa Ayurveda wameutumia tangu kale kwa kikohozi na homa.

Liponde jani lake, utasikia harufu kama ya karafuu. Usishangae. Ni eujenoli, ile ile iliyomo kwenye mafuta ya karafuu, ambayo madaktari wa meno huitumia kutuliza jino. Huua baadhi ya vijidudu. Mna pia asidi ya rosmarini na asidi ya ursoli, ambazo katika maabara zimeonekana kupunguza uvimbe.

Je, tulsi hushusha sukari? Utafiti mmoja wa India uliochapishwa 1996, kwa wagonjwa 40, ulionyesha kuwa hushusha kiasi. Lakini ndugu yangu, kushusha kiasi si kuponya. Na ukichanganya na vidonge huku umefunga, sukari yaweza kushuka hata ukazimia. Mja mzito, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, nao waulize kwanza.

Sisemi tudharau miti shamba, la hasha! Metformin, kidonge cha kisukari kinachojulikana sana, chanzo chake ni utafiti juu ya mmea wa Galega officinalis, na kilianza kutumika Ufaransa 1957. Tofauti ni kipimo. Kidonge kimeandikwa miligramu ngapi. Jani halikuandikwa, na nguvu yake hubadilika kwa udongo na msimu.

Basi leo baada ya futari, muulize mzazi wako: dawa unakunywa? Kama kuna majani anayotumia, asimfiche daktari. Na kama ana kisukari, aonane naye kuhusu saumu yake. Mgonjwa ana ruhusa ya kula.

Shangazi bado anapenda chai ya tulsi. Siku hizi vidonge viko kando ya kikombe.

Wabillahi tawfiq.