KADI YA NAULI: TAZAMA SALIO KABLA YA KUONDOKA DIRISHANI

(Mazungumzo tuliyoyatoa kwa wanakisomo wa darasa la jioni, Ipinda, wilaya ya Kyela)



Mpunga ukishaingia ndani, watu wetu wengi huanza safari. Mmoja anampeleka mgonjwa Muhimbili au Ocean Road. Mwingine anakwenda kumwona binti yake aliyejifungua Mbagala. Mwingine anapeleka mchele wake mwenyewe mjini, maana amechoka na bei za madalali. Basi linatoka Kyela, linapanda Tukuyu, linapita Uyole, Makambako, Iringa na Morogoro, halafu linaingia Dar es Salaam kwenye Stendi ya Magufuli, pale Mbezi Luis. Safari hiyo tunaijua. Tunajua hata mahali pa kununua mahindi ya kuchoma njiani.

Taabu huanza kesho yake. Umelala kwa ndugu, umeamka, umevaa nguo safi, unataka kwenda hospitali. Unafika kituoni na fedha yako mkononi. Mbele yako kuna geti la chuma. Watu wanapita mbio, kila mtu anagusisha kadi kwenye mashine, mashine inalia, geti linafunguka. Wewe umesimama na noti yako. Nyuma yako wanasema, "Mzee, sogea basi!"

Sisi wenyewe yametupata. Tulikuwa maofisa wa elimu wanne, tumekwenda mjini kwa semina. Watu wa chuo cha ualimu, watu wa kushika chaki! Tulisimama pale mbele ya mashine, mmoja wetu anaigusisha kadi juu, mwingine anamwambia hapana, pembeni, wa tatu anatafuta tundu la kuichomeka. Tundu halikuwepo. Mtoto wa shule mwenye sare alituonyesha, tukapita. Kwa hiyo tukisema leo kwamba mtu asione haya kuuliza, tunasema tukijua haya yenyewe ilivyo.

KADI HII NI NINI?

Ninyi nyote mnaijua vocha ya simu. Wenye umeme nyumbani mnaijua LUKU. Unalipa kwanza, halafu unatumia. Ukitumia, kiasi kinapungua. Kikiisha, huduma inasimama. Kadi ya nauli ni hivyo hivyo. Unanunua kadi, unawekewa fedha, na kila ukipita geti nauli inakatwa. Kiasi kinachobaki kinaitwa salio, neno lile lile la kwenye simu.

Lakini iko tofauti moja kubwa, nayo tunaomba muishike sana. Fedha yako ya kwenye simu ina namba ya siri. Mtu akiiba simu, bado hajapata fedha. Kadi ya nauli haiulizi namba ya siri getini. Anayeishika ndiye anayepita. Ukiiangusha sokoni Kariakoo, aliyeiokota atapanda basi kwa fedha yako hadi iishe. Basi, ihesabu kadi hiyo kuwa ni noti. Ifunge mahali unapofunga noti.

Wengine wanauliza: mashine inajuaje, mbona kadi haina betri? Ni kweli, haina. Ndani ya ile plastiki kuna kipande kidogo sana cha elektroniki, kama punje ya mchele au chini ya hapo, na waya mwembamba unaozunguka kama kamba iliyokunjwa. Mashine ya getini inatoa nguvu wakati wote, lakini nguvu hiyo haifiki mbali, ni sentimita chache tu. Ukiisogeza kadi karibu, ule waya unapokea nguvu, kile kipande kinaamka, kinajieleza namba yake. Ndiyo sababu huna haja ya kuichomeka popote. Na ndiyo sababu haifai kuikunja, kuitoboa tundu ili kuifunga kamba shingoni, au kuiacha karibu na moto wa jiko. Waya ukikatika, kadi imekufa, hata kama kwa nje inang'aa.

Mashine ikikataa, usianze kuisugua kadi kwenye kanga. Itulize juu ya mashine, hesabu moja, mbili, kisha ngoja sauti au taa. Kama umeweka kadi mbili pamoja kwenye mkoba mmoja, zitenganishe. Mashine huchanganyikiwa ikisikia mbili zinasema pamoja.

YALIYOMPATA MAMA MMOJA

Sasa tuwaambieni habari ya mama mmoja wa huku kwetu, mwanakisomo kama ninyi. Jina lake tunalihifadhi. Alimpeleka mume wake mjini kwa matibabu ya macho. Alikuwa na kadi aliyoachiwa na mpwa wake. Alipofika kituo kimoja, foleni ya dirishani ilikuwa ndefu na mgonjwa amechoka kusimama. Akatokea kijana mmoja, ana shati safi na maneno mazuri. Akasema, "Mama yangu, shikamoo. Lete nikusaidie, usihangaike na baba hapa juani."

Mama akampa kadi na noti ya 10,000. Kijana akaenda upande wa pili, akarudi upesi. "Tayari mama, imeingia." Mama akashukuru. Akamwombea na baraka.

Siku hiyo walikwenda na kurudi vizuri. Siku ya pili, asubuhi ya kuonana na daktari, geti likakataa. Mhudumu akaipima kadi, akamwonyesha kioo cha mashine: salio halitoshi. Kijana alikuwa ameweka 2,000. Zile 8,000 alikwenda nazo. Mama hakuwa na fedha nyingine mkononi, akaanza kumtafuta mpwa kwa simu, mpwa yuko kazini. Walipofika hospitali, siku yao ilikuwa imepita. Wakapangiwa tarehe nyingine, wakala chakula cha ndugu wiki mbili zaidi. Mpunga nao kule nyumbani ukaliwa na panya.

Tulimuuliza mama, je, hukuisoma risiti? Alisema hakupewa, naye hakuidai. Je, hukutazama salio kwenye kioo? Akanyamaza kidogo. Halafu akasema maneno ambayo hatujayasahau: "Mwalimu, kusoma najua. Niliona aibu kusoma mbele ya watu, nitachelewa, watanicheka."

Ndugu zangu, mama huyu anajua kutofautisha 10,000 na 2,000 tangu hatua za mwanzo za kisomo. Hapa Ipinda anaandika uzito wa kakao yake kwenye daftari, na karani hawezi kumpunja hata kilo moja. Yule kijana hakuujua ujinga wake, maana haupo. Aliijua haraka yake na aibu yake. Tumelifikiri sana jambo hili, hata sisi walimu. Tunawafundisha watu kusoma katika utulivu wa darasa, kwenye benchi, taa ipo. Hatuwafundishi kusoma wamesimama, wanasukumwa, mtu anawaambia "fanya haraka." Huo nao ni usomaji, na ni mgumu.

Kwa hiyo mnapoweka fedha, nendeni dirishani wenyewe, au kwa wakala mwenye mashine yake. Semeni kiasi kwa sauti: "Naweka elfu tano." Kisha ombeni kuona salio kabla ya kuondoka. Kama lilikuwa 400 na umeweka 5,000, kioo kiseme 5,400. Ikisema vingine, usisogee. Wanaonung'unika nyuma yako watangoja. Nao wamewahi kuwa wageni.

KADI ZENYEWE ZA DAR ES SALAAM

Mabasi ya mwendokasi yalianza kubeba watu Mei 2016. Njia ya kwanza, yenye urefu wa karibu kilomita 21, ilitoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi yake yakaenda Morocco na Gerezani, Kariakoo. Mwanzoni nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650, baadaye ikapanda hadi 750. Mtu aliyekwenda zamani akiwa bado ameshika hesabu ya 650 kichwani, atapungukiwa. Soma bei iliyobandikwa siku hiyo.

Kwa muda mrefu watu walitumia tiketi za karatasi, kisha kadi na mageti vikaletwa. Oktoba 2025 vituo vingi vya barabara ya Morogoro viliharibiwa katika machafuko, na safari zikasimama. Basi usiende kwa kusema "jirani aliniambia." Mambo ya vituo hubadilika. Ukishuka Mbezi, muulize ndugu uliyefikia kwake, halafu uulize tena dirishani: leo wanapokea nini, kadi, karatasi, au simu?

Ukifika Kivukoni kuna kivuko cha kwenda Kigamboni. Pale imetumika kadi iitwayo N-Card. Kadi hiyo hiyo imetumika kuingilia Stendi ya Magufuli na Uwanja wa Benjamin Mkapa kwenye mechi. Lakini usidhani kwamba kadi moja inafungua mageti yote ya mji. Kadi ya kivuko ni ya kivuko na mahali ilipokubaliwa. Kadi ya mabasi ni ya mabasi. Daladala za kawaida nazo zimeendelea na konda na noti mkononi, kama Hiace zetu za kwenda Kasumulu.

Mbona wameleta kadi? Sababu ya kwanza wanayoitoa ni foleni na chenji. Mtu akitoa 10,000 kwa nauli ya 200, wote nyuma yake wanangoja. Sababu ya pili ni upotevu: fedha ikipita mikononi mwa watu wengi, nyingine hubaki njiani. Hizo ni sababu za kweli. Lakini tuseme kweli nyingine pia. Kadi imefikiriwa kwa ajili ya mkazi, yule anayepita kila asubuhi. Mgeni wa siku nne ananunua kadi, anaweka fedha, anarudi Kyela, na salio linabaki limelala. Shilingi 1,500 zako unazo mfukoni lakini huku hazinunui hata chumvi.

Si sisi peke yetu. Mjini Kigali, Rwanda, abiria wamekuwa wakigusisha kadi tangu 2015. Mabasi ya London yaliacha kabisa kupokea fedha taslimu Julai 2014. Hata profesa mwenye noti nzuri huachwa kituoni. Mwaka huo huo 2014 serikali ya Kenya ilitaka matatu zote ziache fedha taslimu, lakini mpango ule haukushika, makondakta na wenye magari waliendelea na noti zao.

HESABU YA MGENI

Weka kadiri ya safari zako, si zaidi. Tuchukue mfano wa nauli ya 200. Ninyi ni wawili, mnakwenda na kurudi, siku tatu. Mbili mara mbili ni nne, mara siku tatu ni safari 12. Safari 12 kwa 200 ni 2,400. Weka 2,500 au 3,000. Usiweke 10,000 kwa sababu tu noti iliyoko mkononi ni ya 10,000. Dai chenji yako.

Kama mko wawili na kadi ni moja, ulizeni kwanza. Mahali pengine mnagusisha mara mbili, mmoja apite kisha mwingine. Mahali pengine hawataki. Na baada ya kila safari andika. Kipande cha karatasi kinatosha: salio la asubuhi, nauli, salio la jioni. Siku mashine itakapokata mara mbili kwa safari moja, utakuwa na neno la kusema dirishani. Andika pia ile namba ndefu iliyochapwa kwenye kadi, uiweke mbali na kadi yenyewe. Kadi ikipotea, bila namba hiyo hawana pa kuanzia kukusaidia.

Juu ya salio linalolala, kikundi kimoja cha akina mama wa kata ya Ikolo kimepata njia yao. Walikuta wana kadi tatu za mjini, kila moja kwa mwenyewe, zote zina fedha kidogo, zinafifia kabatini. Wakachagua moja, wakampa katibu wa kikundi aitunze pamoja na daftari la akiba. Anayesafiri anaichukua, anaandika jina, tarehe na salio. Analipa kikundi salio hilo kwa fedha taslimu. Akirudi, wanaipima kwa maandishi ya risiti yake ya mwisho, naye anarudishiwa kilichobaki. Tulilisoma daftari hilo wiki iliyopita. Mstari wa mwisho ulikuwa na mwandiko wa kutetemeka kidogo, wa bibi ambaye alianza kisomo akiwa na wajukuu tayari: "Nimerudi. Salio 1,400. Nilihakikisha mwenyewe kwenye kioo."

Katibu amekubali kutuazima kadi hiyo. Ijumaa tutakuja nayo hapa darasani, pamoja na risiti nne za kweli, moja yenye makosa. Kila mmoja ataishika kadi, ataitafuta namba, na atatuambia ni risiti ipi yenye makosa, akiwa amesimama, na sisi tukimharakisha. Leteni daftari na kalamu.