Aliyekosa Kura Ana Kazi Hapa
(Hotuba ya mgeni rasmi, hafla ya kuwashukuru wananchi waliojitolea kujenga, Kasesya)



Kabla sijaketi hapa nimezungushwa kwenye boma hili la madarasa. Kuta zimefika usawa wa lenta. Mchanga umeletwa kwa mikokoteni ya maksai, akina mama wamebeba maji kichwani, vijana wamechoma matofali baada ya mavuno. Fundi mmoja amenionesha kona iliyobomolewa na kujengwa upya kwa sababu timazi ilikataa. Mtu asiyelipwa hata senti anabomoa kazi yake mwenyewe ili mtoto wa mwenzake asiangukiwe na ukuta! Nawavulia kofia.

Sasa niruhusuni niseme jambo linalosemwa pembeni. Kati yenu mliojitolea wamo walioshinda uchaguzi wa Serikali za Mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, na wamo walioukosa uongozi. Kitaifa chama kimoja kilitangazwa kupata zaidi ya asilimia 98 ya nafasi, na sehemu nyingi mgombea alikuwa mmoja tu. Lakini sisi tunaoishi vijijini tunajua kivumbi kilitimka wapi: kwenye kura za maoni za ndani ya chama, ambako majirani wanaochota maji kisima kimoja walipishana kwa kura za kuhesabu vidoleni. Kura hizo zinauma. Ukishindwa kwa kura mia, unalala. Ukishindwa kwa tatu, unaanza kuwataja watu kwa majina: shemeji aliyekwenda shamba kwa kuwa mvua imeanza, kijana uliyemlipia ada na siku hiyo hakuonekana.

Na chuki inaanzia hapo. Nimeona kwingine boma likiota magugu ndani kwa sababu nusu ya kijiji ilisema: aliyeshinda na ajenge mwenyewe. Msaragambo ukapigiwa mbiu, wakaja watu wa upande mmoja. Watoto wa pande zote mbili wakaendelea kusomea chini ya mti.

Lakini kukosa kura si lazima kuishie hivyo. Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka huu, Zambia, Januari 2015 walimchagua Edgar Lungu kuwa Rais kwa tofauti ya kura 27,757 nchi nzima. Hakainde Hichilema aliyekosa alirudi kwa wananchi, akakosa tena 2016, akashinda Agosti 2021. Kule Virginia, Marekani, mwaka 2017 wagombea wawili wa kiti cha bunge la jimbo walifungana kwa kura 11,608 kila mmoja, jina la mshindi likachotwa kwenye bakuli. Mama aliyekosa, Shelly Simonds, aligombea tena 2019 akashinda. Watu hao walikuwa wakigombea vyeo vyenye malipo. Kwetu uenyekiti wa kijiji hauna mshahara. Mwenyekiti anagongewa mlango usiku kwa ng'ombe walioingia kwenye mahindi ya watu, asubuhi anapima mpaka wa shamba la ndugu wanaogombana, na hakuna anayemuuliza amekula nini. Aliyeshinda naye anajitolea, sawa na aliyebeba tofali.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, ombi langu ni kwako kwanza. Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25, na haiwezi kubeba kila kitu. Kuna kamati ya shule, kuna maji, kuna ujenzi huu. Mwite yule uliyempita kwa kura chache. Usimwite kumfariji, mpe kazi yenye uzito, inayoshika fedha. Nusu ya watu walimwamini, na imani yao ni mali ya kijiji hiki.

Na wewe ndugu yangu uliyekosa, ukiitwa, njoo. Usingoje 2029.

Mimi nitachangia mabati ya chumba kimoja. Sitayakabidhi leo mbele ya kamera. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kuuliza. Nitayaleta siku ya mkutano ujao, baada ya mapato na matumizi ya ujenzi huu kusomwa hadharani, na ningependa msomaji awe mmoja wa waliokosa kura.