Siku za Mgambo Zihesabiwe: Umri wa Kustaafu na Haki ya Pensheni kwa Askari wa Akiba

Mhadhara wa umma, Makambako, Mkoa wa Njombe



Nimekuja na swali la mtu mwingine. Niliulizwa na askari mgambo kwenye kizuizi cha mazao, barabara ya kutoka hapa Makambako kwenda Njombe. Lori la mbao lilikuwa limesimama, stakabadhi za ushuru zikikaguliwa, na ukungu wa asubuhi ulikuwa haujainuka. Aliposikia kwamba nafundisha sheria za hifadhi ya jamii, akanivuta pembeni. Umri wake ulikuwa umevuka hamsini. Tangu alipohitimu mafunzo akiwa kijana amekuwa akiitwa kazini, akirudi shambani, akiitwa tena. Akaniuliza: “Mwalimu, mimi nastaafu lini?”

Umri wa kustaafu wa mwalimu, wa muuguzi na wa karani nilikuwa naujua. Kwa wake nilinyamaza. Mhadhara huu ndio jibu nililopaswa kumpa asubuhi ile.

1. Mgambo ni nani

Kila aliyeko ukumbini anamfahamu mgambo. Ni kijana wa kata aliyeitikia wito wa mafunzo ya Jeshi la Akiba chini ya mshauri wa mgambo wa wilaya, ambaye ni mwanajeshi wa JWTZ. Kwa miezi kadhaa hufundishwa kwata, silaha, usomaji wa ramani, mbinu za porini, huduma ya kwanza na usalama wa raia. Siku ya kufunga mafunzo hupita kwenye gwaride mbele ya mkuu wa wilaya, wazazi wakishangilia. Kesho yake anaamka raia. Anarudi kwenye mahindi, parachichi au bodaboda yake, na kusubiri kuitwa: kulinda mnada, kusimama kizuizini, kukesha doria, kusaidia kuzima moto unapoingia kwenye misitu ya kupandwa.

Jeshi hili lina historia yake. Novemba 1970 Guinea ilivamiwa kutoka baharini. Januari 1971 Idi Amin alipindua serikali ya Uganda. Mwezi uliofuata TANU ilitoa Mwongozo wake, uliosisitiza kwamba ulinzi wa taifa ni kazi ya wananchi wote, na mafunzo ya mgambo yakasambaa hadi vijijini. Oktoba 1978 Amin alipovuka mpaka na kuteka eneo la kaskazini ya mto Kagera, makumi ya maelfu ya mgambo waliungana na wanajeshi wa kudumu. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Miongoni mwa walioingia Uganda walikuwamo wakulima ambao mwaka mmoja kabla walikuwa wakipalilia mahindi.

Huyo ndiye mtu ninayemzungumzia: askari taifa linapomhitaji, mkulima siku nyingine zote.

2. Miezi 180

Sasa tuitazame sheria. Tangu 2018 nchi yetu ina mifuko miwili mikuu ya pensheni: PSSSF kwa watumishi wa umma, na NSSF kwa sekta binafsi na waliojiajiri. Katika mifuko yote miwili mwanachama anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na kwa lazima akifikisha 60. Ili apate pensheni ya kila mwezi anapaswa kuwa amechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Asiyefikisha hupewa malipo ya mkupuo, na habari yake inaishia hapo.

Kanuni hii ilitungwa kwa ajili ya mtu anayeingia kazini Januari na kutoka Desemba, mwaka hadi mwaka. Mpimie mgambo kwa kipimo hichohicho. Chukua askari anayeitwa jumla ya miezi miwili kila mwaka, na tuseme kila mwezi wa kazi umechangiwa bila kukosa. Ili afikishe miezi 180 atahitaji miaka 90. Alianza akiwa na miaka 20; pensheni yake ya kwanza itamkuta na miaka 110.

Na hapo nimempendelea. Anayelipwa posho ya siku bila mkataba hana mchango unaopelekwa mahali popote. Miaka ya karibuni taifa limejadili kwa uchungu kikokotoo cha wastaafu: mkupuo wa asilimia 25 uliositishwa mwishoni mwa 2018, wa 33 ulioanza 2022, na nyongeza hadi 40 iliyotangazwa bungeni Juni 2024. Mjadala ule ulikuwa wa haki kabisa. Lakini ni mjadala wa waliokwisha kuandikwa kwenye daftari. Mgambo wetu hajaandikwa.

3. Askari waliopita hapa

Njombe imewahi kuwaona askari wa namna hii. Oktoba 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia vikielekea ukingoni, kamanda wa jeshi la Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alirudi kutoka Msumbiji akapita hapa Ubena. Aliwaacha wagonjwa na majeruhi, akiwamo Jenerali Kurt Wahle, kisha akashika njia ya Rhodesia ya Kaskazini. Alipoweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba, alikuwa na askari Waafrika zaidi ya 1,100 na wapagazi zaidi yao. Wengi walikuwa wakidai mishahara ya muda mrefu.

Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba mlipaji alipofika Mwanza alikuta mamia ya wazee, na wachache tu ndio waliokuwa na karatasi. Akamkabidhi kila mmoja ufagio uwe bunduki, akatoa amri za kwata kwa Kijerumani. Miili ilikumbuka kile ambacho karatasi zilipoteza.

Watu husimulia kisa hicho kwa kuwasifu wazee wale, na wanastahili sifa. Mimi nikikisikia nawaza juu ya miaka 46. Ni wangapi walikufa kabla ufagio haujafika? Na wapagazi, waliobeba risasi na wagonjwa wa vita vile, ni nani aliyewapa hata ufagio?

Baba yangu mdogo alikwenda Kagera akiwa mgambo. Alipozeeka alisafiri hadi ofisi moja kuuliza kama kuna chochote kwa watu kama yeye. Karani, kwa heshima zote, alimwomba barua ya wito ya mwaka 1978. Hakuwa nayo; ilikuwa imeozea kwenye nyumba ya nyasi iliyovuja masika moja. Alirudi nyumbani, na hakulizungumzia tena jambo hilo hadi tulipomzika. Karani yule hakukosea, maana alifuata utaratibu. Kosa lilitendeka miaka mingi nyuma, siku ambayo hakuna aliyeandika jina la baba mdogo mahali pasipovuja.

4. Wenzetu walivyohesabu

Kuna nchi zilizolikabili swali hili mapema. Marekani ilipitisha sheria yake mwaka 1948. Askari wa akiba hupewa pointi: 15 kwa mwaka kwa kuwa mwanachama, 1 kwa kila kipindi cha mazoezi, 1 kwa kila siku ya kazi. Mwaka wenye pointi 50 au zaidi huhesabiwa kuwa mwaka kamili wa sifa. Akifikisha miaka 20 ya namna hiyo amepata haki ya pensheni, hata kama kila mwaka alivaa sare siku chache tu.

Lakini kiasi cha pensheni hukokotolewa kwa njia nyingine. Pointi zote hujumlishwa na kugawanywa kwa 360, ili siku zake zigeuzwe kuwa miaka ya askari wa kudumu. Mwenye pointi 78 kwa mwaka, kwa miaka 20, ana pointi 1,560. Hiyo ni miaka minne na miezi minne. Kwa kiwango cha asilimia 2.5 kwa mwaka, kinachowahusu walioingia jeshini kabla ya 2018, pensheni yake ni karibu asilimia 11 ya mshahara wa msingi. Ni ndogo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ya muda. Lakini ipo, na ni ya kila mwezi hadi kufa.

Naomba jambo hili tulishike vizuri, maana ndilo kiini cha mhadhara wangu. Wametenganisha maswali mawili ambayo sheria yetu imeyafunga pamoja: nani anastahili, na anastahili kiasi gani. Sifa wanaipima kwa miaka ya uaminifu. Kiasi wanakipima kwa siku za kazi.

Umri nao wameutenganisha. Askari huvua buti mwili unapochoka, lakini pensheni huanza akifika miaka 60. Tangu 2008, kila siku 90 za kuitwa katika utumishi kamili humpunguzia miezi mitatu ya kusubiri. Aliyetolewa shambani muda mrefu zaidi hula mapema zaidi. Uingereza ilichelewa: ni tangu 1 Aprili 2015 ndipo askari wake wa akiba walipoingizwa katika mpango mmoja na wenzao wa kudumu.

5. Mapingamizi mawili

Pingamizi la kwanza nalisikia kwa watu ninaowaheshimu: mgambo ni wajibu wa uzalendo, na uzalendo haulipwi. Ibara ya 28 ya Katiba yetu ya 1977 inasema kweli kwamba kila raia ana wajibu wa kulinda uhuru, mamlaka, ardhi na umoja wa taifa. Lakini turudi nyuma hadi ibara ya 11. Hapo Katiba inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Ibara hizo zinakaa katika kitabu kimoja. Ndugu zangu, mwanajeshi wa kudumu naye ni mzalendo, na pensheni haijampunguzia uzalendo hata chembe.

Pingamizi la pili ni fedha. Tufanye mfano. Askari analipwa posho ya shilingi 10,000 kwa siku na kufanya kazi siku 100 kwa mwaka. Mchango wa NSSF ni asilimia 20, nusu ya mwajiri na nusu ya mwajiriwa. Aliyemwita atatoa shilingi 1,000 kwa siku, naye askari 1,000. Kwa mwaka ni shilingi 200,000. Kwa miaka 20 ni milioni 4, kabla ya faida ya uwekezaji. Halmashauri inayokusanya ushuru kwenye kila lori la mbao na kila gunia la viazi haiwezi kushindwa na shilingi elfu moja kwa ajili ya mtu anayesimama mvuani kuukusanya ushuru huo.

Na wasiofikia hata kiwango hicho? Zanzibar imeonyesha njia. Tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 na kuendelea hulipwa pensheni jamii. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Hakuulizwa barua ya mwaka wowote.

6. Ninachopendekeza

Kwanza, daftari la siku. Kila wito wa mgambo, kuanzia siku ya mafunzo, uandikwe kwa namba ya NIDA: nani aliita, kwa kazi gani, siku ngapi. Nakala moja ikae kwa mshauri wa mgambo, moja halmashauri, moja kwa askari mwenyewe. Hili halihitaji sheria mpya. Njombe na Makambako zinaweza kuanza bila kusubiri Bunge.

Pili, anayeita ndiye achangie. Awe halmashauri, kampuni ya ulinzi au mwenye shamba, kila siku ya kazi iambatane na mchango wake.

Tatu, sheria itenganishe sifa na kiasi. Mwaka wenye siku 50 za wito au zaidi uwe mwaka mmoja wa sifa. Miaka 15 ya namna hiyo impe askari haki ya pensheni, na kiasi kifuate siku alizochangia. Mgambo wangu wa miezi miwili kwa mwaka hatahitaji tena miaka 90. Aliyeanza na miaka 20 atakuwa na haki yake kabla hajafika 40.

Nne, umri wa kuvua buti uandikwe wazi na usichanganywe na umri wa kulipwa. Mtu wa miaka hamsini na kitu hapaswi kukesha kizuizini kwa kukosa aliyemwambia kwamba sasa inatosha.

Hitimisho

Jioni nitashika tena barabara ya Njombe. Mgambo yule nikimkuta, nitamwambia kwamba sheria bado haijamtajia siku ya kustaafu, lakini kuna kazi anayoweza kuifanya tangu leo. Nawaachia na ninyi kazi hiyohiyo. Kila aliyewahi kuitwa, usiku huu achukue daftari la mtoto wa shule aandike: mwaka, mwezi, mahali, jina la aliyemwita, wenzake waliokuwapo. Wenye baba na babu waliokwenda Kagera, waketi nao kabla hawajalala, wawaulize, waandike wanachosema. Kisha kesho mpelekeeni mtendaji wa kata agonge muhuri.

Baba yangu mdogo alikuwa na siku zake zote kichwani, na tulizizika pamoja naye.