Maji ya Lambo na Udongo wa Shamba Lako

Msikilizaji wetu wa Runzewe, mvua ikinyesha usiku, asubuhi yatazame maji ya lambo. Yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Huo ni udongo wa shamba la mtu, tena ule wa juu wenye rutuba.

Haukuja peke yake. Umebeba mbolea, samadi na dawa za pamba. Na pale dhahabu inapokamatwa kwa zebaki, sumu hiyo nayo hung'ang'ania chembe za udongo. Ukitia klorini kwenye maji ya namna hiyo, nguvu yake huishia kwenye tope, vijidudu vikabaki hai. Kwa hiyo, mama, yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi, ndipo uyatie dawa au uyachemshe. Lakini zebaki haiondoki kwa kuchemsha, jamani!

Bora kuuzuia udongo usifike lamboni. Wazee wa Kisukuma walikuwa na ngitili: eneo linalofungwa mifugo isiingie, nyasi na miti irudi. Mradi wa HASHI, ulioanza Shinyanga mwaka 1986, ulijengwa juu ya maarifa hayo, na ardhi iliyokuwa kipara ikaota miti tena.

Shambani kwako piga matuta ya kukinga mteremko, kingoni panda majani ya tembo. Kando ya mto usilime: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Mvua za Novemba zisikukute hujaanza.